Bahasha Moja ya Kuvumwani

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza na kabati, mkono mmoja umekunjwa chini ya tumbo kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi wa mchana. Damu ilikuwa imeshakauka sakafuni. Karibu na bega palikuwa na pasi ya chuma, ile ya zamani ya mkaa, nzito, imefutwa mpaka inang'aa.

Inspekta alichutama, magoti yakalia. Alikuwa hajalala. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mapacha wachanga, na mapacha hao walikuwa wamegawana usiku kwa zamu. Mmoja akinyamaza, mwenzake anashika lindo. Mara mbili Inspekta aliahidiwa likizo na mara mbili ikaliwa na kesi. Hii hapa ilielekea kuila ya tatu.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Mpima ardhi mstaafu," alijibu Sajini, mwanamke kijana ambaye kwa bahati mbaya ya mkubwa wake alikuwa na nguvu tangu asubuhi. "Watu walimwita Lenzi. Kwa sababu ya hicho, afande."

Shingoni mwa marehemu kulikuwa na uzi mweusi, na kwenye uzi kioo kidogo cha kukuzia vitu, cha ukubwa wa kifungo cha koti.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la dawa. Kuta zake hazikuonekana kwa rafu, na rafu hazikuonekana kwa maboksi ya viatu. Sajini alifunua boksi moja. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo za karatasi, zimekunjwa vizuri, zimepangwa wima kama kadi. Juu ya meza palikuwa na darubini, sahani bapa, kisu chembamba na glasi mbili za chai. Moja ilikuwa imenywewa yote. Nyingine haikuguswa.

Daktari wa polisi alikuwa anavua glavu.

"Pigo moja, kisogoni," alisema. "Jana, jua lilipokuwa linazama au baada ya hapo kidogo. Aliyepiga hakurudia."

"Hasira?"

"Hasira hurudia. Andika pigo moja tu."

Inspekta alizitazama zile glasi. Muuaji alikaribishwa chai. Hilo liliondoa vibaka na likabakisha marafiki, na Inspekta hakupenda kesi za marafiki. Vibaka hukana, ukawabana, wakakubali, mkaenda nyumbani. Marafiki hukusimulia maisha yao yote.

Mfamasia, mwenye duka la mbele, alikuwa ameketi juu ya kreti uani, koti jeupe limemkaa vibaya mwilini. Alikuwa mtu mnene wa makamo, na mikono yake haikujua ijiweke wapi.

"Wewe ndiye uliyemkuta?"

"Mimi. Nimefungua duka, nikaja kuchukua ndoo. Nikamwona."

"Ufunguo wa chumba anao nani?"

"Sote watatu. Mimi, yeye, na Fundi."

"Fundi gani?"

"Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Mama mmoja mtulivu sana. Chama ni sisi watatu tu siku hizi. Zamani tulijaa humu. Wengine wakahama, wengine wakachoka, mmoja akaoa."

"Chama cha nini?"

"Cha kuvumwani."

Sajini aliacha kuandika.

"Ule ujani laini kama zulia," Mfamasia alieleza, "unaoota kwenye mawe na kuta zenye unyevu."

"Ukoga," alisema Sajini.

"Ukoga uko kwenye meno, binti yangu." Alilisema bila kucheka, kama mtu aliyelirudia kwa wageni wengi mpaka likaisha ladha. "Tunakusanya, tunakausha, tunakunjia kwenye bahasha na kuandika pale ilipookotwa. Zile nzuri tunazipeleka makavazi ya mimea, chuo kikuu. Huko wanatunza mimea iliyokaushwa kwa ajili ya wataalamu."

"Wanawalipa?"

"Wanatushukuru."

Inspekta alipumua. "Ingia mara moja uangalie kama kuna kilichoibwa. Usiguse kitu."

Darubini ilikuwepo. Simu na pochi vilikuwa mfukoni mwa marehemu. Mfamasia alizungusha macho, yakarudi mezani, yakakaa hapo.

"Bahasha," alisema. "Jana mchana alinipigia simu. Akasema amepata kitu ambacho hakijawahi kuonekana nchi hii. Kiko hapa mezani, niende nikakione, nife kwa wivu." Alisita. "Hakipo."

"Ukaenda kukiona?"

"Sikwenda. Tulikuwa hatuelewani."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Niliokota sampuli adimu kwenye tangi bovu la reli. Nikaumwa, nikampa yeye aipeleke makavazi. Kufika kule, jina la mwokotaji likasomeka lake."

"Mkapigana?"

"Watu wa umri wetu hawapigani, Inspekta. Tuliacha kusalimiana."

"Na jana jioni?"

"Nilikuwa kaunta. Waulize wateja. Huku nyuma kuna mlango wake wa uchochoroni, mtu anaingia na kutoka mimi sina habari. Na redio ilikuwa inatangaza mpira."

"Nani alishinda?"

Mfamasia alifikiri sana. "Sijui," alisema mwishowe, kwa aibu. "Huwa naiwasha tu ili duka lisinyamaze."

Sajini alimkodolea macho Inspekta, maana yake: huyu huyu. Inspekta alitikisa kichwa kidogo. Mtu anayetunga uongo hujifunza kwanza matokeo ya mpira.

Wataalamu wa uchunguzi walichukua alama za vidole kwenye glasi, wakafutafuta meza kwa brashi laini, wakapata vumbi la kijivu na vichembe vya kijani visivyojaza kijiko. Vikatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye pasi hapakuwa na alama yoyote.

Mke wa Lenzi aliwapokea kwenye sebule iliyonuka karatasi kuukuu. Maboksi ya viatu yalikuwa yamefika mpaka huku. Yalikalia makochi, na wageni wa msiba walikuwa wamesimama.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Keti hapo, sogeza hayo maboksi ya mawe." Alikuwa mwanamke mrefu, macho yamevimba, lakini sauti ilikuwa imara. "Nimelala na mawe maisha yangu yote ya ndoa. Kuna wanawake wanapekua mifuko ya waume zao wakakuta lipstiki. Mimi nilikuwa nakuta udongo."

"Alikuwa na adui?"

"Yule wa duka la dawa alikuwa amemnunia. Lakini kila nikiumwa, dawa zilikuwa zinaletwa mpaka mlangoni, na hakudai. Huyo ni adui?"

"Jana aliondoka vipi?"

"Akipiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu astaafu. Nilikuwa namfulia suruali yake, magoti meupe pee, kama kalala kwenye chokaa. Nikamuuliza, mzee mzima umepiga magoti wapi? Akasema alikwenda kuwatembelea majirani wasio na kelele."

"Majirani gani?"

"Nani anajua? Alikuwa na maneno yake." Akatazama maboksi. "Sasa nitayapeleka wapi haya, Inspekta?"

Inspekta alimwambia pole kwa mara ya pili, akatoka.

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimeanza mvi, alikuwa anashona sare za shule, na alipowaona polisi alimalizia kwanza mshono aliouanza. Kisha akanyanyua mguu kwenye kanyagio.

"Nimesikia," alisema. "Mji mzima umesikia. Aliumia sana?"

"Daktari anasema hakuumia muda mrefu."

Akainamisha kichwa. "Karibuni mkae."

"Mlikuwa mnaelewana?"

"Alikuwa mwalimu wangu. Mimi sikusoma hayo mambo, yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Bahasha zote za chama nakunja mimi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku hizi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilifunga hapa nikaenda nyumbani."

"Kuna mtu alikuona?"

"Mume wangu alikuwa kwa jirani, kwenye mpira."

"Lenzi alikuonyesha alichokipata?"

"Alisema ataonyesha Jumapili."

Alijibu bila haraka wala kusita. Inspekta aliona vifundo vya vidole vyake vya mkono wa kulia vimechubuka, vibichi.

"Umefanya nini mkononi, mama?"

Fundi alitazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kazi hii ina sindano," alisema.

Wakaaga. Ndani ya gari, ambalo Sajini ilibidi alisukume ndipo liwake, Inspekta alifumba macho. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa vilio vya mapacha na hakikupata nafasi ya kukaa.

"Mfamasia," alisema Sajini akihema. "Ana sababu, ana ufunguo, hana shahidi."

"Na alichukua bahasha akaifanyia nini?"

"Akaificha. Baadaye ataitoa kwa jina lake."

"Atasema ameipata wapi? Hajui ilipookotwa. Anayejua amekufa." Inspekta alifungua macho. "Twende chuo kikuu. Tukaulize hicho kitu ni nini hata kimgharimu mtu roho."

Mkuu wa makavazi ya mimea alikuwa Daktari wa elimu ya mimea, mama aliyevaa sweta katika joto, kwa sababu vyumba vyake vilipozwa ili wadudu wasile akiba. Aliposikia Lenzi amekufa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachukua ule mfuko wa vichembe na kuketi kwenye darubini.

Alitazama mpaka Inspekta akaanza kusinzia wima.

"Hakudanganya," alisema. "Hii sijawahi kuishika kutoka nchi hii. Lakini imenisikitisha. Mkusanyaji mwenye adabu huchukua kipande kama ukucha, akaacha nyingine iendelee. Huyu amekwangua mpaka chini. Tazama, vijizizi vimekuja na saruji yake."

"Vumbi la kijivu ni saruji?"

"Saruji ya zamani, na magamba ya chokaa. Na hivi ni vijiti vya mvinje. Iliota kwenye kivuli cha mivinje, juu ya saruji iliyopakwa chokaa miaka mingi iliyopita na isiyoguswa na mtu."

"Kwa nini akwangue yote?"

"Ili asije mwingine akapata. Ni ugonjwa wetu, Inspekta. Nimeuona kwa waliosoma kuliko yeye."

"Mtu anaweza kuua kwa ajili ya hii?"

"Sisi? Sisi hugombana kwa maandishi, tena kwa miaka." Akadondosha tone la maji juu ya kichembe kimoja. "Njoo uone, binti."

Sajini aliinama kwenye darubini. Kile kikunjo cha rangi ya majani ya chai kilikuwa kinajifungua taratibu, jani kwa jani, kikigeuka kijani.

"Imefufuka," alisema.

"Haikuwa imekufa. Ikikosa maji hujikunja ikangoja. Ukiirudisha mahali pake ukaimwagilia, huenda ikashika tena."

Inspekta alikuwa ameacha kusinzia. Saruji. Mivinje. Magoti meupe. Majirani wasio na kelele.

"Makaburini," alisema.

Makaburi ya zamani yalikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Humo hakuzikwa mtu tena tangu mji ufungue mengine. Mivinje ilikuwa imeyafunika, na ardhi yote ilikuwa ya kahawia, kavu, maana mvua ilikuwa imeuhama mji kwa miezi. Walipita safu moja baada ya nyingine, Sajini upande huu, Inspekta upande ule, wakisoma majina ya watu wasiowajua.

Sajini ndiye aliyesimama. Hakuita. Alinyoosha mkono tu.

Lilikuwa kaburi fupi, lisilozidi urefu wa benchi la mtoto wa shule, karibu na ukuta uliobomoka. Saruji yake ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu; mikwaruzo ilionekana. Na juu ya mikwaruzo hiyo kuvumwani ilikuwa imerudishwa. Vipande vilikuwa vimepangwa ukingo kwa ukingo, vikubwa katikati, vidogo vikijaza pengo, kila kimoja kimekandamizwa kwa tope laini mpaka kikashika. Ujani wake ulikuwa mbichi. Pembeni saruji ilikuwa na alama ya maji.

Inspekta alipitisha kidole kwenye saruji. Ilikwaruza kama msasa.

"Sindano hutoboa," alisema, kama anayejisemea. "Haichubui vifundo."

"Afande?"

"Angalia hivi vipande vilivyounganishwa, Sajini. Mfamasia angevirundika. Hivi ni viraka. Vimepangwa na mtu ambaye kazi yake ni viraka."

Sajini alitazama kaburi, kisha akatazama urefu wake, na nguvu zake zote za asubuhi zikamtoka usoni.

"Tukamkamate?"

"Kesho. Atakuja mwenyewe kumwagilia. Nataka nimkute hapa. Kule dukani atasema sindano."

Asubuhi iliyofuata walikaa juu ya ukuta uliobomoka, jua likiwa bado chini ya mivinje. Mapacha walikuwa wameamka pamoja usiku huo, kwa mara ya kwanza, na Inspekta alikuwa amewabeba wote wawili, mmoja kila bega, akizunguka sebule mpaka miguu ikafa ganzi. Sasa alikuwa ameegemea mti ulioota nyuma ya ukuta, koti lake la mvua mabegani.

Fundi alikuja na njia ya kiwandani, amejifunga khanga, mkononi chupa ya plastiki ambayo kifuniko chake kilikuwa kimetobolewa matundu madogo. Aliwaona. Hatua zake hazikubadilika.

"Ngojeni nimalize," alisema. "Jua likipanda itaungua."

Inspekta alimzuia Sajini kwa mkono. Fundi alipiga magoti, akamwagilia kuanzia kichwani pa kaburi mpaka miguuni, kidogo kidogo, kama anayenyunyizia nguo kabla ya kupiga pasi. Chupa ilipoisha aliifunga, akaiweka kando.

"Mama," Inspekta alisema, "nakukamata kwa mauaji ya mpima ardhi. Si lazima useme chochote. Ukisema, kitaandikwa, na kitaweza kutumika mahakamani."

"Naelewa."

"Nani amelala hapa?"

"Mwanangu. Wa kwanza na wa mwisho. Hakufika hata kuota jino."

Sajini alikuwa ameshika kalamu, haiandiki.

"Nilikuwa naichukia hii saruji," Fundi alisema. "Nyeupe, ngumu, kama meza. Mtoto hafunikwi kwa meza. Nilikuwa nikija nakaa hapo ukutani, sisogei karibu. Halafu mwaka mmoja nikakuta ujani pembeni. Uliofuata ukafika katikati. Ukaja ukafunika pote. Nikasema, basi, amepata blanketi."

"Ndipo ukaingia kwenye chama."

"Nilitaka kujua jina la kilichomfunika. Lakini ningeuliza, ningelazimika kuonyesha. Nikajifunza nyingine zote. Hii sikuwahi kuitaja."

"Siku ile ilikuwaje?"

"Alinipigia simu nikamkunjie bahasha. Akanikaribisha chai. Nikaiona kwenye sahani, imelundikwa kama mboga. Naijua, hata ningefumbwa macho. Nikamuuliza, umeitoa wapi? Akasema makaburi ya zamani, kuna kakaburi kametelekezwa. Nikamwambia, rudisha. Akacheka. Si kwa ubaya, alikuwa na furaha tu. Akasema, Fundi, hii itaandikwa vitabuni."

"Ukamwambia ni la nani?"

"Nikamwambia. Nikasema, ni la mwanangu." Akaondoa kijiti cha mvinje kilichoangukia ujani. "Akasema pole. Alisema pole kama mtu aliyekukanyaga mguu kwenye foleni. Akasema itaota tena. Halafu akanigeuzia mgongo, akaanza kuandika ilipookotwa."

"Pasi?"

"Ilikuwa yangu. Niliipa chama iwe ya kugandamizia karatasi. Ilikuwa hapo, karibu na mkono."

"Ulikusudia kumuua?"

Fundi alifikiri, na Inspekta akaona kwamba anafikiri kweli, kama shahidi anayemhofia Mungu.

"Nilikusudia aache kuandika," alisema.

"Halafu?"

"Alianguka. Nikamwita. Hakuitika. Nikafuta pasi, sijui kwa nini, nadhani ni mazoea. Nikachukua sahani nzima nikamimina kwenye bahasha. Nikaja hapa alfajiri. Yeye nilimwacha pale sakafuni, mtu aliyenifundisha, nikaja kushughulika na hiki. Hilo liandike pia."

Sajini aliandika.

Inspekta alisimama kwa taabu. Kisheria, kuvumwani ile yote ilikuwa mali iliyochukuliwa kwenye eneo la tukio. Ilipaswa kukwanguliwa, kutiwa mfukoni, kubandikwa namba. Aliitazama kwa muda.

"Lazima nichukue kielelezo," alisema.

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kiasi gani?"

"Daktari wa chuo kikuu anasema kipande kama ukucha kinatosha."

Mwanamke aliinama, akachagua pembeni, pale ujani ulipokuwa mnene. "Chukua hapa. Usitumie kisu. Tumia ukucha, uingize kwa chini."

Inspekta akachukua. Sajini akafungua mfuko, mdomo wazi kidogo, akataka kusema kitu kuhusu mwendesha mashtaka. Akaghairi.

Alasiri, mume wa Fundi alikuja kituoni na shali ya mkewe na dawa zake za shinikizo la damu kwenye mfuko wa karatasi. Alikuwa fundi magari mstaafu, mabega mapana yaliyoanza kuinama, grisi imeingia kwenye mistari ya viganja na haitatoka tena.

"Amekiri?" aliuliza.

"Amekiri. Ameshatia sahihi maelezo yake."

"Nimeishi naye miaka yote hii sijamwona akiua hata mjusi. Ni kwa ajili ya nini, Inspekta? Kama kuna mwanamume, niambie tu. Nimeshazeeka, nitastahimili."

Inspekta alimvutia kiti. Kwa kawaida kazi hii aliwaachia mawakili. Lakini alikuwa amechoka kiasi cha kukosa nguvu za kukwepa, akamweleza yote: kaburi, ujani, sahani, pole ya Lenzi, pasi.

Mzee alisikiliza akiwa ameukumbatia ule mfuko. Nje ya chumba, mtu alikuwa anabishana na askari wa zamu juu ya baiskeli.

"Ile saruji niliimimina mimi," alisema. "Nilizidisha unga wake, nilitaka isije ikapasuka. Nikaipaka chokaa. Halafu sikurudi tena. Nilishindwa. Na yeye hakunitajia, nikajua naye harudi, kwamba tumeliacha lipite. Jumapili akiniaga anakwenda kwenye majani yake, mimi namtania mbele ya watu. Nasema mke wangu kaolewa na mawe."

Inspekta alisogeza faili kando.

"Angeniambia."

"Pengine alikuwa anangoja uulize, mzee."

Mume alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Aliweka shali na dawa juu ya meza, akavinyoosha. Alisimama kama anayeondoka, akafika mlangoni, akarudi.

"Ni safu ipi? Nikienda leo sitaijua."

"Ukiingia langoni, fuata mivinje upande wa kushoto mpaka ukuta uliobomoka. Utaliona. Ni hilo tu lenye kijani."

"Na inamwagiliwa?"

"Mpaka mvua irudi, kila asubuhi, kabla jua halijapanda. Maji kidogo. Alikuwa anatumia chupa, ametoboa kifuniko." Inspekta alisugua macho. "Hiyo chupa siwezi kukupa. Ni miongoni mwa vielelezo."

"Si kitu," alisema mzee. "Nitatoboa nyingine."